Mapezi hayaogelei yenyewe

Mtu mwingine akiniambia kwamba mbio za mapezi, yaani kuogelea kwa kasi ukiwa umevaa mapezi miguuni, ni udanganyifu, "maana pezi ndilo linalokusukuma", nitamvalisha monofini, lile pezi moja pana linalovaliwa na miguu yote miwili, nimwambie haya, mita 50, twende. Wengi hawafiki. Magoti yanakunjika, makalio yanachomoza juu, na akitoka bwawani ameshika kiuno.

Najua kinachowachanganya ni saa. Mbrazili César Cielo aliogelea mita 50 bila mapezi kwa sekunde 20.91 mwaka 2009, tena hadi leo huo ni mwendo wa kutisha. Wanaume wetu bora wa mapezi wanaimaliza mita 50 ya pumzi moja, chini ya maji bila kuvuta hewa, kwa sekunde 14 hivi. Basi watu wanasema, si unaona? Pezi!

Sikiliza. Bamba la pezi, la fibaglasi au kaboni, halina injini. Ni upinde: usipouvuta, mshale hauendi. Na anayeuvuta si mguu. Mikono imenyooshwa mbele, kiganja juu ya kiganja, kichwa kimebanwa katikati. Wimbi linaanzia kifuani, linapita tumboni na nyonga, ndipo linafika miguuni. Goti likikunjika mno, unasukuma maji mbele badala ya nyuma. Hata snokeli, mrija wa kuvutia hewa, tunaivaa katikati ya paji la uso ili kichwa kisigeuke. Halafu kupiga kwenda juu, ambako wageni hawakufikirii kabisa, ndiko kunakomtofautisha bingwa na anayecheza nguva hotelini. Kanuni nazo zinabana: bamba lisizidi milimita 760 kwa upana, na kwenye mbio za juu ya maji unaruhusiwa kuzama mita 15 tu baada ya kuanza na kila ukigeuka.

Ugumu wa bamba ndio unaoninyima usingizi. Laini mno, unapoteza mwendo. Gumu mno, mgongo unalia na mbio inakufa nusu ya pili. Kuna jedwali za uzito na umri, lakini mwisho wa yote huwa namtazama mtu akiogelea, nakisia.

Unataka kuanza? Monofini usinunue kwanza. Anza na mapezi mawili na snokeli ya mbele, kwa mtindo wa krolu, wa kupokezanisha mikono na miguu. Hayo yana mbio zake rasmi. Mchezo uko chini ya CMAS, shirikisho la dunia la michezo ya chini ya maji, kwa hiyo ulizia kwa wazamiaji. Wengi wanaulizia klabu za kuogelea, wanaambiwa hakuna, wanakata tamaa. Olimpiki hatumo, ila Michezo ya Dunia tumo tangu 1981. Kiatu cha monofini kinabana vibaya, zoea. Sabuni ya maji husaidia kukivaa.

Mazoezi ya pumzi moja usifanye peke yako, hata maji yakiwa ya kiunoni. Kuhema harakaharaka kabla ya kuzama hakukuongezei oksijeni ya maana. Kunafukuza kabonidayoksaidi, ambayo ndiyo inayokuhimiza utoke ukavute hewa, na mtu anazimia bila dalili yoyote. Kwa hilo sina utani, na kwangu anayelifanya anarudishwa nyumbani siku hiyohiyo.