Katuni za kompyuta hazihitaji programu ya mamilioni

Imani kwamba katuni za kompyuta ni za wenye programu za bei mbaya imewakatisha tamaa vijana wengi wenye mkono mzuri wa kuchora, na inasikitisha, maana si kweli. Blender, programu ya kutengenezea katuni hizo, ni huria (yeyote anaweza kuitumia na kuibadilisha bure) tangu mwaka 2002, watu walipochanga euro 100,000 ili msimbo wake, yaani maagizo yanayoiunda, uachiwe umma. Filamu ya Flow, ya mwongozaji Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyoshinda Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender hiyohiyo unayoweza kupakua leo.

Kwa anayeanza, ningeshauri kwanza Krita au Pencil2D, programu za kuchorea, nazo za bure. Blender ina vitufe vingi vya kumchanganya mgeni. Chora mpira ukiwa juu, kisha fungua fremu mpya, yaani picha inayofuata katika mfululizo. Washa kivuli cha mchoro uliopita: utauona umefifia, nawe unachora mpira ukiwa chini kidogo. Mpira unapokaribia ardhi, ongeza nafasi kati ya mchoro na mchoro. Utaonekana kushika kasi. Mpira ukigusa chini, uchore ukiwa umebonyea. Michoro 12 inatosha sekunde moja, kila mmoja ukikaa fremu mbili kati ya 24 za sekunde hiyo. Kipanya cha kawaida kinalimudu zoezi hili. Kalamu ya kidijitali inaweza kusubiri.