Leaf ya mtumba: mistari 12 kwenye dashibodi haitoshi

Anayeagiza Nissan Leaf, gari la umeme, kutoka Japani huuliza kwanza mwaka na kilomita, kama anayenunua Vitz. Kwenye Leaf unachonunua hasa ni betri, na betri huchoshwa na joto na miaka hata gari likiwa limeegeshwa. Ya Leaf za vizazi viwili vya kwanza haipozwi kwa maji. Wenye magari hayo Phoenix, Arizona, walikuwa wakilalamika kufikia 2012 kwamba joto linaimaliza. Leaf ya kilomita 40,000 iliyozoea kuanikwa juani chaji ikiwa imejaa inaweza kuwa imechoka kuliko ya kilomita 90,000.

Muuzaji atakuonyesha dashibodi: "Mistari yote 12 ipo." Hakikisha kwanza hamsomi mistari ya chaji; ile ya afya ya betri ni midogo, iko ukingoni. Halafu jua kwamba mstari wa kwanza hauzimiki mpaka betri ipoteze takriban asilimia 15, kwa hiyo 12 yaweza kuwa asilimia 100 au 86. Wanaoumia zaidi ni wale wanaouziwa gari ambalo kompyuta ya betri imefutwa kumbukumbu. Mistari hurudi yote, kisha wiki kadhaa baadaye huanza kuzimika mmoja mmoja, nawe umeshalipa.

Beba kifaa cha OBD (kisomaji cha kompyuta ya gari) cha Bluetooth na programu ya Leaf Spy kwenye simu. Chomeka chini ya usukani, washa gari, soma SOH, yaani asilimia ya afya ya betri. Usiishie hapo, maana namba hiyo nayo hudanganywa na ufutaji uleule. Omba gari likiwa na chaji ya asilimia 20 hivi, mwenzako ashike simu, nawe ukanyage mafuta (jina limebaki, mafuta hayapo) kwenye kilima. Leaf Spy huchora volti za jozi 96 za seli zinazounda betri. Kwenye betri yenye afya, zote hushuka pamoja kama watu wanaochuchumaa kwa amri moja. Jozi mbovu huzama peke yake, milivolti 100 au zaidi chini ya wenzake. Hiyo ndiyo itakayokuletea alama ya kobe (gari limepunguza nguvu) barabarani huku chaji ikionekana bado ipo.

Ukiikuta, gari si la kutupa. Betri ya kWh 24 (kWh ni kipimo cha umeme inaobeba) ina moduli 48, yaani vifurushi vya seli, zilizofungwa kwa boliti, na fundi anayejua umeme wa karibu volti 400 hubadilisha moduli moja, akiisawazisha kwanza na zilizobaki. Ni sababu ya kushusha bei tu.

Umbali nao. Leaf ya kWh 40 ilitangazwa Japani kwa kilomita 400, kwa kipimo cha JC08 ambacho ni cha upole mno. Marekani iliipa 243. Piga hesabu yako: kWh zinazotumika, gawanya kwa 15 (ndizo huliwa kwa kilomita 100), zidisha kwa 100, toa asilimia 15 ya akiba. Ya kWh 24 yenye afya ya asilimia 70 imebakiwa na kama 15 za kutumika, yaani kilomita 100, na 85 bila wasiwasi.

Soketi ya kawaida ya nyumbani inachaji, lakini ampea 10 kwa saa kumi mfululizo huyeyusha soketi za bei rahisi, hasa skrubu ikiwa imelegea. Vuta waya wa 6 mm moja kwa moja kutoka kwenye bodi, wenye breka yake ya ampea 32 na RCD, swichi inayokata umeme ukivuja. Chaja ikiwasha taa nyekundu na kugoma, mara nyingi haina kosa: nyumba haina athi. Kuna mafundi wanaounganisha athi na nyutro ndani ya soketi ili ikubali. Mfukuze huyo, chimbia fito ya athi.

Leaf ya Japani ina matundu mawili: Type 1 ya chaji ya kawaida na CHAdeMO ya chaji ya haraka. Kwenye chaja ya kawaida yenye plagi ya Type 2 utahitaji kebo ya kugeuza. Kwenye chaja ya haraka ya CCS2 kebo hiyo haisaidii.

Na ikigoma kuwaka asubuhi huku chaji imejaa, pima betri ndogo ya volti 12 kabla ya kumwita mtu wa kompyuta. Ndiyo inayofunga swichi za betri kubwa, na ikiishiwa nguvu, kubwa hata ijae vipi haitatoa kitu.