"Kazi ikitulia ndipo tufunge": dhana potofu kuhusu tarehe ya harusi kwa wanaoanza ajira ngumu

Sisi tunaoratibu harusi tunaijua sentensi hii kabla mtu hajaimaliza. Mmoja ni daktari wa mwaka wa kwanza, mwenzake ameajiriwa na kampuni ya ukaguzi wa hesabu. Wamekubaliana, wazazi wameridhia, akiba ipo. Ukiuliza tarehe, jibu ni lilelile: "Tunasubiri kazi itulie." Mwaka unapita, wanarudi na jibu hilohilo, ila sasa ukumbi walioutamani umeshachukuliwa na wengine. Nimechoka kulisikia, na sitalipita haraka.

Dhana: Kazi itatulia, ndipo tupange

Kazi mpya haitulii, inabadilika sura tu. Muda wa majaribio, ambao mara nyingi ni miezi mitatu hadi sita, ukiisha unathibitishwa kazini. Ukishathibitishwa unakabidhiwa ambayo mgeni hakabidhiwi: mteja wako mwenyewe, zamu isiyo na msimamizi, darasa la mtihani. Hapo hujagusa mitihani ya taaluma, ambayo wengi huianza mwaka wa kwanza au wa pili. Isitoshe, mtu aliyekwisha kuaminiwa ni mgumu kuachiwa kuliko mgeni. Pengo la asiyeshika kitu hata wiki mbili linazibika, ila anayeshika mradi lazima apatikane mtu wa kuushika. Anayesubiri utulivu mara nyingi anajisogeza kwenye kipindi kigumu zaidi.

Kinachotafutwa ni mwanya. Karibu kila kazi ina mzunguko wake, na mzunguko huo unajulikana mapema kuliko wachumba wanavyodhani. Tatizo ni kwamba hawaulizi, au wanauliza vibaya.

Mkaguzi wa hesabu asiulize "kampuni hubanwa lini?" Aulize wateja aliopangiwa yeye wanafunga mwaka wa fedha lini. Wanaofunga 31 Desemba watamshika Januari hadi Machi, na mara nyingi Aprili nayo inaingia. Wanaofunga 30 Juni watamshika Julai hadi Septemba. Wakaguzi wawili wa ofisi moja wanaweza kuwa na mianya tofauti kabisa. Mhasibu wa ndani ya kampuni anabanwa kila mwezi: siku tano hadi kumi za kwanza ni za kufunga hesabu za mwezi uliopita, kisha mwisho wa mwezi kuna mishahara. Kwake, katikati ya mwezi ndiko penye nafasi.

Mwanya wa daktari aliye kwenye mafunzo kazini hupimwa kwa idara anazozungushwa, si kwa miezi. Upasuaji na uzazi zina zamu za usiku nyingi, na idara zenye kliniki za mchana humpa nafasi zaidi. Akishaijua idara, alenge katikati ya mzunguko. Wiki ya kwanza anajifunza taratibu za wodi, na ya mwisho ina tathmini na makabidhiano.

Kwa muuguzi na mhudumu wa ndege, jambo zito ni siku ambayo ratiba ya zamu inaanza kuandikwa. Ombi likifika kabla ya hapo, mpangaji wa zamu anaanza na wewe. Likifika ratiba imeshabandikwa, hapo huombi likizo tena, unatafuta wa kubadilishana naye zamu, na kwa wiki nzima hutampata. Mwalimu ana likizo za muhula, ila siku za mwanzo wa likizo huliwa na kusahihisha na kujaza matokeo. Anayeandika programu atazame tarehe za uzinduzi, aache walau wiki mbili baada ya uzinduzi, kwa sababu hitilafu hujitokeza wateja wanapoanza kuutumia mfumo.

Sasa kazi yenyewe. Chukueni kalenda ya miezi 18 ijayo. Kila mmoja aijaze peke yake, bila kumtazama mwenzake. Nyekundu ni siku zisizowezekana: mitihani pamoja na wiki mbili kabla yake, kipindi cha kufunga hesabu, mwezi wa kwanza kwenye nafasi mpya, wiki za mwisho za majaribio. Njano ni zinazowezekana kwa kuomba. Kijani ni huru. Kisha ziwekeni pamoja. Msipojaza kwa woga mtaona vipande viwili au vitatu vyenye kijani kwa wote. Wengi hujaza kwa woga: wanapaka mwaka mzima nyekundu eti bosi ni mkali. Ukali wa bosi si tarehe. Kama huwezi kutaja kinachotokea wiki hiyo, wiki hiyo si nyekundu.

Kijani kikikosekana kabisa, chagueni penye njano kwa wote, na mumfuate yule ambaye kazi yake haina wa kumshikia. Hapa watu hukosea kwa kumfuata mwenye mshahara mkubwa. Mshahara hauhusiki. Anayeweza kuachiwa nafasi na mwenzake wa meza ya pili ndiye anayesogea.

Halafu hesabu ya likizo, ambayo ni hesabu kweli. Mwenye siku 24 kwa mwaka hulimbikiza 2 kila mwezi. Mwenye siku 21 hulimbikiza 1.75. Aliyeanza kazi 1 Machi, ikifika mwisho wa Agosti ana siku 12 au 10 na nusu, kama hajagusa hata moja. Harusi ya Jumamosi inahitaji siku mbili za kazi kabla yake na tatu baada yake, jumla tano. Fungate ya wiki moja zaidi inaongeza tano. Weka mbili za akiba kwa ugonjwa au nyaraka. Hizo ni 12. Mwenye siku 24 anatosha kwa kubana, mwenye 21 hatoshi, na atalazimika kukopa siku asizozilimbikiza kama mwajiri anaruhusu, au kusogeza fungate.

Mkishapata mwanya na siku, chagueni tarehe tatu. Tatu, kwa sababu mwenye tarehe moja akikataliwa anaanza upya. Nendeni ukumbini mkaombe tarehe zishikiliwe kwa muda bila malipo. Kumbi nyingi hukubali siku kadhaa, na wiki mbili zinatosha. Ndani ya muda huo kila mmoja azungumze na msimamizi wake wa moja kwa moja, kisha apeleke ombi la maandishi. Likijibiwa kwa maandishi, ndipo kianzio, yaani malipo ya awali, kilipwe.

Wengi hufanya kinyume, wakalipa ukumbi kwanza halafu wakaomba likizo. Likizo ikikataliwa, ukumbi pengine utakubali kuhamisha tarehe, ila mpiga picha, mpishi, mpambaji na wanamuziki kila mmoja ana mkataba wake na kalenda yake. Tarehe ya ukumbi ikihama, wawili kati ya hao huenda hawapo siku mpya na vianzio vyao havirudi. Hasara nyingi za kubadili tarehe zinatoka kwa hao wadogo, si kwa ukumbi.

Na ombi lenyewe liandikwe kama mtu anayeijua kazi yake. Usiandike "karibu na mwishoni mwa Agosti." Andika zamu ya mwisho utakayofanya na saa ya kutoka, siku na saa ya kurudi, nani atashika nini, na kipi utakikamilisha kabla ya kuondoka. Anayefanya zamu za usiku aombe zamu yake ya mwisho iwe ya mchana, au aache nafasi ya kulala usiku mara mbili kabla ya harusi. Siku ya mapumziko baada ya zamu ya usiku si siku huru: umetoka saa 2 asubuhi, na mchana mzima unalala. Bwana harusi au bibi harusi aliyetoka zamu alfajiri ya jana yake huonekana kwenye kila picha.

Dhana: Usitaje harusi kazini mpaka uthibitishwe

Ushauri huu wa wakubwa una nia njema na unaumiza watu. Wakati mzuri kuliko wote wa kuitaja tarehe ni baada ya kupewa ofa na kabla ya kusaini mkataba. Si kwenye usaili, ni baada yake. Wakati huo mwajiri ameshakuchagua na hajapanga kazi zako, kwa hiyo siku kumi za miezi minane ijayo hazimgharimu kitu. Sema: "Nina shughuli ya kifamilia tarehe hii hadi hii, naomba iandikwe kwenye barua ya ajira." Likiandikwa, hata msimamizi akibadilika halifutiki. Ukinyamaza mpaka uthibitishwe, utaomba kama kila mtu, na pengine tarehe hizo wenzako wameshaziomba.

Dhana: Tuiweke sikukuu, tuokoe siku za likizo

Kwa mfanyakazi wa ofisi inaweza kuwa kweli. Kwa hospitali, hoteli, ulinzi na usafiri wa anga, sikukuu ndizo siku ambazo wageni kazini hupangiwa zamu, kwa sababu wazoefu wameshaziomba. Tena nauli hupanda na wageni wako wana safari zao. Ukisisitiza sikukuu, basi usitazame ya mwaka huu: Pasaka huangukia popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Mwaka 2027 ni 28 Machi, 2028 ni 16 Aprili. Idd nazo husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka.

Dhana: Nyaraka za ndoa ni za kumalizia tu

Hapana, zina muda wake. Tanzania na Kenya sheria inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla; England na Wales ni siku 28 kamili. Kenya pia huwezi kuitoa mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya tarehe. Kwa hiyo kuna dirisha, na ofisi hizo hufunguliwa saa za kazi, siku ambazo ninyi wawili mko kazini. Tarehe ya kupeleka taarifa iingie kwenye kalenda ile ya rangi kama siku ya likizo inayojitegemea, na ndiyo sababu ya zile siku mbili za akiba. Vyeti vya kuzaliwa na vya talaka, kama vipo, vitafutwe kabla ya kuchagua tarehe.

Dhana: Lazima iwe Jumamosi

Si lazima. Ijumaa jioni inafaa sana kwa wanaofanya zamu, na kumbi zina nafasi. Jumapili ninaishauri mara chache kwa mwenye ajira mpya, maana Jumatatu inaanza kumvuta tangu saa 10 jioni.

Dhana: Fungate ifuate siku ya pili

Chukueni siku tatu za kupumzika mara baada ya harusi, na safari yenyewe iwe miezi minne baadaye siku zikilimbikizwa tena. Wanaofanya hivi wanasafiri wakiwa wamepata usingizi wa kutosha.

Dhana: Kutia saini sasa na kusherehekea mwakani ni nusu ya harusi

Kisheria ndoa huhesabiwa tangu siku ilipofungwa mbele ya mwenye mamlaka na kusajiliwa, si tangu siku ya sherehe. Kama mmoja anahamishiwa mji mwingine, au bima ya mwenzi na nyumba ya mwajiri zinasubiri cheti, fungeni ndoa sasa na mwaache sherehe isubiri mwanya mkubwa. Waambieni wazazi mapema na kwa uwazi, wasije wakasikia kwa majirani.

Ila hapo kuna mtego unaowanasa wengi, nao ni jina. Anayetaka kuchukua jina la mwenzi asilibadilishe wakati ana mtihani wa taaluma, usajili wa leseni au tiketi ya ndege mbele yake. Jina la kitambulisho utakachoonyesha mlangoni lilingane na jina ulilojiandikishia mtihani, na la pasipoti lilingane na la tiketi. Ukijiandikisha kwa jina la zamani, fanya mtihani kwa jina la zamani, pokea cheti, halafu anza na kitambulisho, kisha pasipoti, kisha benki, kisha bodi ya taaluma yako. Na tiketi za fungate zikatwe kwa jina lililomo kwenye pasipoti mliyo nayo mkononi siku hiyo.