Simu inatii, ila haikutii wewe

Mama mmoja wa dagaa alikuja asubuhi kibandani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, ninapotengenezea simu, simu kaifunga kwenye ncha ya kanga kama hela. Akaifungua, akaiweka mezani huku mkono bado uko juu yake. "Mwanangu, hii simu inaiba saa."

Nikadhani sijasikia vizuri. Inaiba bando?

"Bando inaiba kila siku, hilo nishazoea. Leo nasema saa. Nilikuwa Kagunga, boti inaondoka saa kumi na mbili alfajiri. Nateremka ufukweni simu inaniambia saa kumi na moja na nusu, na boti naiona mgongo."

Niliikagua. Kioo kizima, betri nzuri, na saa iliyokuwa inaonyesha pale mezani ilikuwa sahihi kwa dakika. Hakukuwa na ugonjwa wowote. Nikamuuliza kama akiwa kule huwa anapata meseji za kukaribishwa Burundi. Akacheka: "Kila safari wananikaribisha, na sijawahi kwenda."

Hapo ndipo penyewe. Kagunga iko mpakani, na simu ikikosa mnara wa kwetu wenye nguvu hushika wa jirani. Mnara ukishaipokea simu huipa na saa ya huko. Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja, wao GMT+2 na sisi GMT+3. Basi simu ikapewa saa ya Bujumbura, ikavaa, haikuuliza mtu. Mama aliporudi mjini mnara wa Kigoma ukaivua. Kila aliyemwonyesha akakuta saa iko sawa, mwishowe nyumbani wakaanza kumwona yeye ndiye ana tatizo.

Dawa yake ni ya dakika moja. Ingia Mipangilio, kisha Mfumo, kisha Tarehe na saa. Simu nyingi zina swichi mbili pale: moja ya saa kujirekebisha yenyewe, nyingine ya saa za eneo kujirekebisha zenyewe. Ya kwanza iache, ya pili izime, halafu chagua Dar es Salaam kwa mkono. Simu yenye swichi moja tu, izime hiyohiyo na upange saa mwenyewe. Ukiwa hapohapo, nenda kwenye mipangilio ya laini uzime data ya romingi, maana mnara wa jirani hautoi saa tu, unakula na salio. Ushauri huu nawapa pia wanaopita mpaka wa Manyovu na wavuvi wanaokesha ziwani.

(Kwa haki ya jua, saa ya Burundi ndiyo inayotufaa zaidi. Kigoma iko karibu kabisa na nyuzi 30 mashariki, na huku jua linafika utosini saa saba mchana, si saa sita. Lakini boti haziondoki kwa jua.)

Nimemweka mama huyu mbele kwa sababu kesi yake ni safi. Simu yake haikukosea hata hatua moja. Ilifuata amri ya kurekebisha saa yenyewe, amri iliyowekwa kiwandani kabla hajainunua, na hakuna aliyemwambia kwamba ipo. Niko kwenye kazi hii mwaka wa kumi na moja, na naweza kusema bila aibu kwamba sehemu kubwa ya simu zinazotua mezani kwangu hazijaharibika. Zinatii. Ila anayetiiwa si mwenye simu.

Chukua hii ya memori kujaa, maana ndiyo inayonilisha. Mwalimu mmoja wa kwaya aliniletea simu ya GB 32 iliyogoma kupiga hata picha moja. Alikuwa amefuta picha siku mbili mfululizo, hata za ubatizo wa mtoto wake, akalia kidogo, na simu bado inamwambia imejaa. Alishaamini ina virusi.

Nikamvutia kiti akae upande wangu tuangalie pamoja. Kwanza kabisa, ile 32 hakuwahi kupewa yote. Mfumo wenyewe na programu zilizokuja na simu zilikuwa zimekalia kama GB 14. Tukafungua faili: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Video. Ndani yake kuna folda inaitwa Sent. Ukituma video kutoka kwenye galari yako, WhatsApp hutengeneza nakala iliyobanwa na kuihifadhi humo, kwa hiyo video moja ya mazoezi inakaa kwenye simu mara mbili. Na kwenye folda hiyo kuna kifaili kitupu kinachoitwa .nomedia, kazi yake ni kuiambia galari ipite bila kuchungulia. Ndiyo maana kwenye picha zako huzioni. Mwalimu alikuwa na zaidi ya GB 5 za sauti ya nne zikiimba gizani.

Na zile picha za ubatizo? Zilikuwepo bado. Google Photos haifuti, inapeleka kwenye pipa la taka, na picha hukaa humo siku 30, au siku 60 kama ilishahifadhiwa kwenye akaunti. Siku mbili za machozi hazikuachia nafasi hata kidogo. Tukazirudisha za mtoto, tukamwaga nyingine. Kisha ndani ya WhatsApp tukaingia Mipangilio, Hifadhi na data, tukazima upakuaji wa kiotomatiki, ule unaoshusha kila kitu kinachotupwa kwenye magrupu. Usiku wa manane, kama saa nane hivi, WhatsApp huandika pia nakala ya mazungumzo yako ndani ya simu, na hutunza za siku kadhaa. Hizo tukabakiza mpya tu.

Watu huuliza kwa nini simu iliyojaa inakuwa nzito, ilhali mahesabu yake hayakai kwenye memori hiyo. Nenda Katonga uangalie akina mama wanavyoanika dagaa. Chanja ikiwa na nafasi, dagaa wapya unawamwaga pembeni, kazi imekwisha. Chanja ikijaa pomoni, huwezi kuwamwaga juu ya waliopo. Inabidi ukusanye wa sehemu moja, uwabebe pengine, ufagie, ndipo uanike wapya na kuwarudisha wale. Memori ya simu iko hivyohivyo: haiwezi kuandika juu ya kilichoandikwa, sharti ifute kwanza, na ikifuta inafuta eneo kubwa kwa mpigo, hata kama inataka kuandika kitu kidogo. Ikiwa na nafasi wazi inafanya usafi huo kwa siri ukiwa umelala. Ikikosa, inaufanya mbele yako wakati unasubiri kibodi ifunguke. Mimi kwenye simu ya GB 32 nashauri GB 4 au 5 zibaki wazi siku zote. Na zile programu za "kusafisha simu" zitoeni. Nyingi ni matangazo yaliyovaa ufagio.

Tukiwa kwenye namba, geuza boksi la simu yako. Siku hizi mbele wanaandika 8GB kubwa kama bango la mgombea, na chini yake kwa herufi za sisimizi: 4+4. Nne za kwanza ni RAM ya kweli, yaani memori ya kasi ambamo simu hufanyia mahesabu yake. Nne za pili ni kipande cha memori ya kawaida kinachoazimwa kufanya kazi ya RAM, na kasi yake haifikii hata kidogo. Isitoshe, kimemegwa kwenye ileile nafasi unayolalamika imejaa. Kwenye simu iliyobanwa huwa nakizima kabisa, na wateja hawarudi kulalamika.

Meseji zinazoingia zote kwa pamoja ukifungua WhatsApp nazo ni utiifu wa aina hiyo. Kuanzia Android 6 ya mwaka 2015, simu ikitulia inalaza programu ili kuokoa chaji, na watengenezaji wengi wa simu za bei ya chini wameongeza ukali wao juu ya hapo. Bonyeza alama ya WhatsApp kwa muda, ingia taarifa za programu, upande wa betri uiruhusu ifanye kazi bila vikwazo. Basi. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anakosa oda nilimfanyia hilo akiwa hajazima hata pikipiki.

Yapo yanayoharibika kweli, nisije nikaonekana nakula hela za bure. Betri inakufa, hasa inayochajiwa chini ya mto au kuachwa kwenye dashibodi juani, kwa sababu joto ndilo adui yake mkubwa kuliko hiyo asilimia 100 mnayoiogopa. Ukiwa mbali na mnara pia simu inapasha moto na kula chaji, kwani inapiga kelele ili isikike. Sistimu chaji, yaani sehemu ya kuchomekea chaja, inakufa, japo kabla ya kuibadilisha muombe fundi achokoe tundu kwa kijiti cha mti simu ikiwa imezimwa: mara nyingi kinachotoka ni vumbi jekundu na nyuzi za mfuko wa suruali. Na simu ikitumbukia ziwani, tafadhali, mchele upikwe. Hauvuti maji yaliyoingia chini ya vifuniko vya saketi. Watu hujifariji kwamba Tanganyika ni maji baridi, hayana chumvi ya bahari, lakini yana madini ya kutosha kupitisha umeme na kuoza njia za shaba. Izime, usiijaribu kwenye chaja, ilete siku hiyohiyo ifunguliwe na kusafishwa kwa spiriti. Inayoletwa baada ya wiki moja ndani ya gunia la mchele huwa nakuta imeota kijani.

Sasa hili la akaunti, ambalo linaniumiza roho kuliko yote kwa sababu hapo sina bisibisi ya kusaidia.

Mzee mmoja kutoka Ujiji alisahau mchoro wa kufungulia simu. Mjukuu akamsaidia kwa kubonyeza vitufe viwili, akaifuta yote. Simu ikawaka upya, ikamkaribisha kwa Kiswahili kizuri, kisha ikauliza: ingia kwa akaunti ya Google iliyokuwa kwenye simu hii. Ulinzi huu ulianza na Android 5.1 mwaka 2015, na umewekwa kwa ajili ya mwizi, ili akiifuta simu ya wizi ibaki tofali. Tatizo ni kwamba simu haiwezi kumtofautisha mwizi na mzee wa miaka sabini.

"Shikamoo mzee wangu. Jimeli yako ni ipi?"

"Marahaba. Jimeli ndio nini?"

Huku kwetu, na sidhani ni huku tu, ukinunua simu kijana wa dukani anakutengenezea jimeli hapohapo ili Play Store ifunguke. Anaibuni kichwani, neno la siri anaweka analolijua yeye, anakukabidhi simu, mnaagana. Kwa miaka yote unayoitumia, funguo za nyumba yako anazo mtu usiyemkumbuka jina.

Zipo njia za kuuvuka ukuta huo, mafundi tunazijua, na vijana wengi huzifanya kwa elfu chache bila kuuliza swali. Mimi naomba kwanza boksi au risiti. Nasoma IMEI, ile namba ya utambulisho ambayo kila simu ina yake, iliyoandikwa kwenye boksi, nailinganisha na ya kwenye simu. Zikitofautiana, simu inarudi kwa aliyeileta, na maneno ninayotukanwa siku hizo siyaandiki hapa. Nikisoma IMEI huwa naituma pia kwa meseji kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu, kuona majibu yanataja simu ileile, tabia iliyonibaki tangu Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima na watu wakapanga foleni kwangu wakidhani ni mtandao umekatika.

Mzee alikuwa na boksi, alilitunzia hirizi zake za karatasi: kadi ya kliniki, risiti ya maji, na risiti ya simu. Kwenye risiti kulikuwa na namba ya duka. Tukapiga. Kijana wa wakati ule alishahamia Dar, tukapewa namba yake, naye akapokea akiwa kwenye daladala, kelele tupu. Nikamweleza. Akanyamaza, halafu akasema wakati ule wateja wote alikuwa anawapa majina ya wachezaji wa timu yake ya Ulaya, na namba ya jezi, na neno la siri lilikuwa moja kwa wote. Alimkumbuka mzee wa balaghashia. Tukajaribu winga, ikakataa. Beki wa kulia, ikakataa. Kipa, ikafunguka.

Nilipomwonyesha jina lililosajiliwa kwenye simu yake, mzee alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akalisoma polepole mara mbili.

"Kwa hiyo miaka minne hii," akasema, "mimi nimekuwa golikipa?"

Tulibadilisha jina siku hiyohiyo, na neno la siri akalichagua mwenyewe. Aliniomba nigeuke upande wa pili wakati analiandika.