Kitenzi "unload" na maneno yake ya Kiswahili

Kitenzi cha Kiingereza "unload" hufasiriwa mara nyingi kwa neno moja tu, kupakua, na kwa kweli hilo si kosa, kwa kuwa kiambishi "un-" hutangua tendo la "load", yaani kupakia, kama kauli yetu ya kutendua inavyofanya katika funga na fungua au ziba na zibua. Hata hivyo, kupakua kuna shughuli nyingine: chakula hupakuliwa chunguni, na siku hizi mafaili hupakuliwa mtandaoni, jambo ambalo Kiingereza hulitengea kitenzi tofauti, "download".

Kiingereza pia hakijali kama kinachotajwa baada ya kitenzi ni chombo au mzigo. "Unload the lorry" na "unload the sacks" ni kazi ileile. Kwa Kiswahili, meli hupakuliwa na shehena yake hupakuliwa vilevile, lakini anayesema "shusha lori" anaweza kueleweka kwamba lori lenyewe literemshwe, hivyo ni heri autaje mzigo: makuli wanashusha magunia kwenye lori.

Mzigo ukiwa kichwani, neno lenyewe ni kutua. Aliyejitwika ndoo ya maji hufika, huinama kidogo, na aliye karibu humtua kwa kuishika ndoo pande zote mbili. Kutoka hapo twapata kutua mzigo wa moyo, ambako kunakaribia sana maana ya "unload" inayohusu hisia, ingawa Kiingereza kikisema mtu "unloaded on" mwenzake, mara nyingi kuna lawama kidogo kwamba msikilizaji amemwagiwa yote bila kuulizwa.

Katika biashara, ku-"unload" hisa au bidhaa ni kuziuza ili kuachana nazo, aghalabu kwa haraka na kwa bei ya chini. Kuuza peke yake hakutoshi, bora kusema kuziondosha.

Penye hatari ya kweli ni kwenye silaha. Bunduki iliyo "unloaded" inaweza kuwa haijawahi kutiwa risasi au imekwisha kutolewa risasi, na umbo la neno halionyeshi ni ipi kati ya hizo mbili. Kiswahili hulazimisha kuchagua kati ya "isiyotiwa risasi" na "iliyotolewa risasi", kwa hiyo mfasiri asiyejua historia ya bunduki hiyo aandike tu kwamba haina risasi.