Droni haioni kupitia bati

Droni ikipita juu ya nyumba za Igogo au Mabatini hapa Mwanza, utasikia: "Hiyo inatuona hadi chumbani, bati halizuii kitu." Si kweli. Kamera hunasa mwanga, na mwanga haupenyi bati wala tofali. Hata kamera ya joto husoma joto la uso wa kitu tu. Ukiielekeza kwenye paa la saa saba mchana itakuonyesha bati lenyewe, basi. Kioo cha dirisha nacho huizuia kamera hiyo ya joto.

Kinachoonekana ni kilicho wazi: uani, kamba ya nguo, na lile bafu la nje lililozungushiwa mabati bila paa. Hilo ndilo linaloniudhi hasa, maana mama zetu na dada zetu huoga humo. Tena nyumba nyingi zimepanda milimani kati ya mawe, kwa hiyo droni inaweza kusimama usawa wa dirisha lako. Pazia likiwa wazi, kamera ya kawaida inatosha.

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na maskani yake. Usiirushie droni mawe, itamwangukia mtoto. Andika saa, ipige picha, kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi.