Mackinnon: jina la Skye lililoishia njia ya Mombasa

Ukitoka Voi kwenda Mombasa, kabla hujafika Taru, unapita mji mdogo uitwao Mackinnon Road. Kando ya reli ya zamani upo msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, na wasafiri wengi husimama hapo kuzuru na kutoa sadaka. Habari za Sayyid utasimuliwa na yeyote. Za Mackinnon, uulize sana.

Mackinnon ni jina la ukoo la Waskoti wa visiwa vya Skye na Mull. "Mac" ni Kigaeli, maana yake "mwana wa", kama "bin" yetu au "arap" ya Wakalenjin. Ila "bin" hufuata baba wa kila mtu, na "Mac" iliganda: mjukuu wa kumi bado ni mwana wa babu yuleyule. Kwa Kigaeli mwanamke huitwa "Nic". Kiingereza kimewafanya wote kuwa Mac. Wengine huandika Mc, lakini huo ni mkato tu wa mwandiko. Wanaodai Mc ni ya Waayalandi peke yao wamekosea.

Aliyeupa mji wetu jina ni William Mackinnon, aliyezaliwa Campbeltown mwaka 1823 na kutajirika kwa biashara ya India. Mwaka 1872 stima zake zilianza kufika Unguja zikibeba barua za posta, na ni stima za namna hiyo zilizotuachia neno "meli", kutoka Kiingereza "mail", yaani posta yenyewe. Mwaka 1888 kampuni yake nyingine, Imperial British East Africa Company, ilipewa hati ya kifalme ya kutawala sehemu hizi. Ilishindwa gharama, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua. William alikuwa ameshafariki miaka miwili kabla.

Wengine wenye jina hili: Roderick MacKinnon, Mmarekani aliyepata Nobeli ya kemia mwaka 2003 kwa kuonyesha potasiamu inavyopenya kwenye seli, Catharine MacKinnon, mwanasheria aliyejenga hoja kwamba kumsumbua mwanamke kingono kazini ni ubaguzi, na Don McKinnon wa New Zealand, Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Madola 2000 hadi 2008.

Usiwahesabu kuwa ndugu. Zamani watu wengi walijichukulia jina la chifu aliyewalinda, bila damu. Na mchekeshaji Kate McKinnon, hilo hata si jina lake la ukoo. La ukoo ni Berthold.